Mwongozo Kamili wa Meneja Mtendaji wa Shirika la Kimataifa la Watoto: Kutoka Barua ya Ajira hadi Kufunga Mradi, kwa Mifano ya Kisumu na Nakuru

Matangazo ya kazi ya meneja mtendaji katika mashirika ya kimataifa ya watoto hufanana sana: uongozi, mkakati, uhusiano na wafadhili, usimamizi wa bajeti. Hakuna uongo ndani yake, ila mpangilio wake umegeuzwa. Meneja anayeanza na wafadhili hujikuta baada ya mwaka akiongoza shirika linaloandika ripoti safi huku likiwa halijui yanayompata mtoto wa Nyalenda au Obunga, mitaa duni ya Kisumu, jioni, baada ya wafanyakazi kurudi zao mtaa wa kifahari wa Milimani. Mwongozo huu umepangwa vingine: usalama wa mtoto, kisha fedha, kisha watu wa ofisini, na wafadhili baada ya hayo yote. Umeandikiwa aliyepewa nafasi hiyo Kisumu, Nakuru au kaunti za jirani, akiwa na ofisi ya wastani na makao makuu yaliyo Ulaya au Marekani.

Hatua ya kwanza: Soma kabla ya kutia saini

Barua ya ajira ikishafika, usiijibu siku hiyohiyo. Omba ripoti za ukaguzi wa hesabu za miaka mitatu iliyopita, na pamoja nazo barua ambayo mkaguzi humwandikia menejimenti. Ripoti yenyewe karibu kila mara husema kwamba hesabu ziko sawa. Ni ndani ya barua ile ndimo utakapoona kwamba masurufu ya safari hayarejeshwi kwa wakati au kwamba mzabuni mmoja amekuwa akishinda kila zabuni ya madaftari. Omba pia orodha ya ruzuku zote na tarehe zinapokwisha, ujue kama unaajiriwa kuendesha miradi au kuifunga.

Uliza kuhusu visa vya usalama wa watoto vilivyoripotiwa. Ukijibiwa kwamba havijawahi kutokea, usifurahi. Shirika linalofanya kazi na maelfu ya watoto kwa miaka na halina hata kisa kimoja kwenye daftari lina njia mbovu ya kupokea malalamiko, si wafanyakazi malaika. Mwisho, hakikisha mkataba wako unasema wazi kwamba unaweza kusimamisha shughuli yoyote mara moja kwa sababu ya usalama wa mtoto bila kungoja idhini ya ng'ambo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu cha kung'ang'ania kuliko hata mshahara.

Hatua ya pili: Pokea ofisi kwa maandishi

Makabidhiano ya mdomo hayafai. Andikeni na mtangulizi wako, au na mwenyekiti wa bodi ikiwa mtangulizi ameshaondoka, hati inayotaja akaunti zote za benki na waliokuwa wakitia saini, magari na kadi zake za umiliki, mikataba ya nyumba, kesi zilizo mahakamani, na nywila za mifumo. Nenda benki mwenyewe ukabadilishe sahihi katika wiki ya kwanza.

Kisha thibitisha uhalali wa shirika. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kutumika, ikaanza kufanya kazi tarehe 14 Mei 2024, na kuiondoa ile ya mwaka 1990 iliyokuwa ikisimamia mashirika yasiyo ya kiserikali. Ikiwa cheti kilichotundikwa mapokezi ni kile cha zamani, muulize mwanasheria mara moja shirika limefikia wapi katika kuhamia utaratibu mpya. Angalia pia kodi na makato ya mishahara, kwa kuwa kodi ya mapato ya wafanyakazi hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata na adhabu ya kuchelewa haina mfadhili atakayekubali kuilipa.

Hatua ya tatu: Jenga ulinzi wa mtoto unaofanya kazi

Karibu kila shirika lina sera ya ulinzi wa watoto, na kila mfanyakazi ameitia saini. Kipimo chako kisiwe sera, kiwe njia. Nenda shule moja ya msingi ambako mradi wenu unaendeshwa na utafute sanduku la maoni. Mara nyingi utalikuta limetundikwa kando ya mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, kufuli likiwa na kutu, na ufunguo ukiwa mikononi mwa mwalimu yuleyule ambaye huenda ndiye anayelalamikiwa. Hakuna mtoto mwenye akili timamu atakayetia karatasi mle. Lihamishie mahali ambapo watoto hupita bila kutazamwa, kwa mfano njia ya kwenda msalani. Ufunguo ukae na watu wawili kutoka nje ya shule, na lifunguliwe kwa siku inayojulikana. Watoto wengi wadogo hawaandiki hata hivyo, kwa hiyo lazima awepo mtu mzima wanayemwamini na anayeongea lugha yao ya nyumbani. Mtoto wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ataeleza kwa Dholuo, lugha ya Waluo, kile ambacho Kiswahili cha darasani hakimpi maneno ya kukisema.

Namba ya 116 ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, na hupokelewa saa zote. Iandikwe kwenye kuta, kwenye madaftari mnayogawa na kwenye milango ya magari yenu, ili mtoto asiyewaamini ninyi awe na mwingine wa kumpigia.

Kisa kinapotokea, meneja hana muda wa kuitisha kikao kwanza. Mtoto aliyebakwa au kunajisiwa apelekwe hospitali kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufaa zikianza kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Asiogeshwe, na nguo alizokuwa amevaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki huhifadhi unyevu unaoharibu ushahidi. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ina kitengo cha kuwahudumia manusura. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, polisi watatoa fomu ya P3, ya ripoti ya kitabibu kwa ajili ya kesi, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo aarifiwe siku hiyohiyo. Kama mtuhumiwa ni mfanyakazi wenu, aondolewe kazini kwa muda akiendelea kupokea mshahara, akabidhi simu na kompyuta ya ofisi, na asikaribie eneo la mradi. Makao makuu na mfadhili waarifiwe kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Wafadhili wengi hutaka ndani ya saa 24 au 48.

Kuna mtego mmoja ambao mameneja wageni hawauoni hadi wameshauingia. Baada ya siku chache utaletewa habari kwamba wazee wamekaa, familia mbili zimesikilizana, ng'ombe au fedha kidogo zimetolewa, na mama wa mtoto anaomba kesi iondolewe. Atakayekuja kukuambia anaweza kuwa naibu wa chifu, tena kwa heshima kubwa. Sikiliza, mshukuru, lakini usikubali. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, unajisi ni jinai, na mapatano ya kifamilia hayaufuti. Unachoweza kufanya ni kuiondolea familia sababu ya kukubali yale mapatano: nauli ya kwenda mahakamani Winam au Kisumu mjini, chakula cha siku ya kesi, mtu wa kukaa na mtoto, na mahali salama pa kulala ikiwa mtuhumiwa ni jirani. Bajeti ya mambo hayo iwepo tangu Januari. Kesi nyingi hufa kwa nauli.

Hatua ya nne: Zishike fedha kwa mikono miwili

Meneja si mhasibu, lakini asiyeweza kuisoma stakabadhi atasomewa. Kila mwezi chagua faili moja la malipo bila kutoa taarifa na ulipitie kurasa zote. Tuseme ni semina ya wazazi iliyofanyika Ahero. Tazama orodha ya waliohudhuria: je, sahihi za watu kadhaa zina mkia uleule wa herufi, wino uleule na mteremko uleule? Tazama orodha ya posho zilizotumwa kwa M-Pesa: je, namba mbili zenye majina tofauti zimesajiliwa kwa mtu mmoja? Linganisha tarehe ya semina na kitabu cha safari cha gari, ambacho wadanganyifu husahau kukirekebisha. Gari lililokuwa gereji siku hiyo halikupeleka chakula Ahero. Kisha mpigie simu mzazi mmoja katika orodha, umsalimu, umuulize semina ilikuwaje. Wafanyakazi wakijua unafanya hivyo, nusu ya udanganyifu hautajaribiwa.

Malipo kwa wazazi na wahudumu wa kujitolea yapite kwenye simu badala ya taslimu kila inapowezekana, na anayeandaa orodha asiwe ndiye anayeidhinisha wala anayetuma. Katika ofisi yenye watu wachache utaambiwa haiwezekani. Basi wewe mwenyewe uwe mmoja wa hao watatu.

Thamani ya shilingi inahitaji aya yake. Bajeti zenu huandikwa kwa dola au yuro, na matumizi ni kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mradi wa dola 100,000 uliokuwa na shilingi milioni 16 ukabaki na milioni 13, wakati karo, dizeli na mishahara viko palepale. Andika bajeti kwa kiwango cha chini kuliko cha soko, weka kifungu cha mabadiliko ya sarafu ndani ya mkataba, na pitia hesabu hiyo na mhasibu kila robo ya mwaka. Usingoje barua ya makao makuu ikuambie kwamba fedha hazitoshi.

Kuhusu ununuzi nitasema machache, maana kanuni zake zimeandikwa kwingi: bei tatu ziwe za maduka matatu ya kweli, na mara mojamoja mtu atembee hadi soko la Kibuye au mjini akayaone.

Hatua ya tano: Ajiri, simamia, na uachishe kazi kwa haki

Kila anayeajiriwa, dereva na mlinzi wakiwemo, alete cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, na waajiri wake wa awali wapigiwe simu na kuulizwa swali moja la wazi: je, ungemwachia mtu huyu watoto? Cheti hueleza tu yaliyofika mahakamani, ilhali simu hufichua mengi zaidi kwa jinsi mtu anavyonyamaza kabla ya kujibu.

Nakuru ina jambo lake. Mji huo na maeneo yanayouzunguka yaliumizwa vibaya na machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na hadi leo watu husoma majina ya ukoo katika orodha ya walioajiriwa na katika orodha ya waliopewa msaada. Ofisi ya watu wa kabila moja itapoteza imani ya nusu ya wazazi hata kama kila mmoja wao anafaa kazi. Fanya hesabu hiyo mapema, na uifanye upya miezi kabla ya uchaguzi.

Unapolazimika kumwachisha mtu kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kabla ya uamuzi. Mashirika mengi hushindwa mahakamani kwa kuruka hatua hiyo moja huku yakiwa na sababu nzuri kabisa ya kumfukuza aliyefukuzwa.

Hatua ya sita: Amua ni watoto gani, na pamoja na nani

Orodha ya watoto wa kusaidiwa haifai kuandikwa na mtu mmoja, awe chifu, mwalimu au afisa wenu. Wahudumu wa afya ya jamii huingia nyumba kwa nyumba na huijua njaa iliyofichwa; walimu wanajua nani hafiki shuleni siku ya soko; mzee wa kijiji anajua nani amehamia juzi. Linganisha orodha zao, kisha isomwe hadharani barazani ili watu wapinge. Uliza pia kuhusu karo zinazolipwa na kaunti au na mfuko wa maendeleo wa eneobunge, kwa kuwa hutokea mtoto mmoja akalipiwa na watu watatu wakati jirani yake yuko nyumbani.

Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiye mwenzako wa karibu zaidi serikalini, na mara nyingi ana mafuta kidogo na kesi nyingi. Mshirikishe mipango yako kabla ya kuianza, si siku ya uzinduzi. Omba nafasi katika kamati ya ushauri ya watoto ya kaunti, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua.

Utaletewa, kwa nia njema kabisa, ombi la kujenga makao ya watoto yatima. Likatae. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, Sheria ya 2022 inaiona taasisi kuwa kimbilio la mwisho, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unaelekeza watoto warudi katika familia. Wengi wa wanaoishi katika makao hayo wana mzazi au ndugu aliye hai. Kilichowapeleka ni karo na chakula. Gharama ya kitanda kimoja katika makao, ikipelekwa kwa nyanya anayelea wajukuu Seme au Rongai, hufanya mengi zaidi. Mfadhili anayetaka jina lake juu ya jengo atasikitika, na kumweleza kwa adabu ni kazi yako, si ya afisa mradi.

Hatua ya saba: Picha, wageni na taarifa za watoto

Mwaka 1919 Eglantyne Jebb, mwanzilishi wa Save the Children, alikamatwa London kwa kugawa vipeperushi vyenye picha za watoto wa Austria waliokonda kwa njaa. Miaka mitano baadaye Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, lililipitisha azimio la haki za mtoto aliloliandika yeye. Mvutano kati ya picha inayoleta fedha na heshima ya mtoto ni wa zamani kama kazi hii yenyewe, nawe hutaumaliza, utauwekea mipaka. Idhini iandikwe na mzazi na mtoto mwenyewe aulizwe. Jina halisi, shule na kijiji visiandikwe pamoja na picha. Mtoto aliyedhulumiwa, au anayeishi na virusi vya Ukimwi, asipigwe picha inayomtambulisha kwa hali yoyote, hata mzazi akikubali.

Mgeni kutoka makao makuu au mfadhili anayemlipia mtoto karo asiachwe peke yake na mtoto, asichukue namba ya simu ya familia, wala asipeleke zawadi nyumbani. Watambue mapema kwamba sheria hii haina ubaguzi wa cheo.

Taarifa zenu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi, na kompyuta ikiibwa na taarifa zilizomo zikawa hatarini, kamishna wa data aarifiwe ndani ya saa 72. Faili za kesi za watoto zitoke kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi leo hii.

Hatua ya nane: Jiandae kabla ya mvua

Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Nyando na uwanda wa Kano hufurika, Budalang'i vilevile Nzoia inapovunja kingo. Nakuru haikumbwi mara nyingi hivyo, lakini bwawa la Solai lilipasuka tarehe 9 Mei 2018, na maji ya Mai Mahiu yaliwaua watu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Kufikia Februari uwe na makubaliano na wauzaji wa blanketi, sabuni na vyandarua, pamoja na orodha ya shule ambazo hugeuka kambi. Ndani ya kambi, taa na vyoo vyenye komeo ni ulinzi wa mtoto sawasawa na semina yoyote. Sajili mapema watoto waliofika bila mzazi, na usimkabidhi yeyote kwa mtu anayedai kuwa mjomba kabla afisa wa watoto hajathibitisha.

Hatua ya tisa: Wafadhili, na siku ya kufunga

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Miradi ya yatima na ya familia zinazoishi na virusi vya Ukimwi katika Kisumu, Siaya na Homa Bay ilikatwa bila notisi ya maana. Hesabu leo ni sehemu gani ya mishahara yenu inategemea mfadhili mmoja. Ikizidi nusu, iambie bodi kwa maandishi na anza kutafuta wengine kabla hujahitaji. Mwandikie mfadhili ukweli ukiwa bado mdogo: shughuli iliyochelewa mwezi mmoja husameheka, iliyofichwa mwaka mzima haisameheki.

Kila mradi uwe na mpango wa kufungwa tangu siku unapoandikwa. Wazazi waambiwe mwaka mmoja kabla, kwa baraza na si kwa barua. Watoto walio katikati ya masomo watengewe karo hadi wamalize kiwango walichomo. Faili za kesi zinazoendelea zikabidhiwe afisa wa watoto kwa idhini ya familia, na nyingine ziharibiwe kwa utaratibu ulioandikwa. Namba ya simu ya malalamiko isizimwe pamoja na ofisi: ilipieni mtu wa kuipokea kwa angalau miezi sita baada ya kufunga, kwa kuwa mtoto aliyekuwa akimwogopa mfanyakazi mara nyingi husema pale tu anapohakikisha kwamba mfanyakazi huyo ameondoka.